Marudio, Magwangala na Makinikia

Usimamizi wa uzalishaji, yaani upangaji wa watu, zana, malighafi, muda na fedha ili bidhaa itoke kwa gharama isiyoipita bei yake, hufundishwa vyuoni kwa mifano ya viwanda vya nguo, saruji na sukari, ambako ubora wa malighafi hupimwa getini kabla kazi haijaanza. Katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Geita na kushuka hadi Kahama, mkoani Shinyanga, mambo huenda kinyume, kwa kuwa thamani ya jiwe haijulikani mpaka limechimbwa, limesagwa na kuoshwa, na wakati huo fedha zote zimekwisha kutumika. Kumbukumbu hizi, ambazo mwandishi alizikusanya kwa miaka mingi ya kupita katika machimbo ya Nyarugusu, Lwamgasa na Kakola, zinafuatilia namna watu wa ukanda huo walivyolishughulikia tatizo hilo, na zinafanya hivyo kwa kuzingatia zaidi mabaki ya dhahabu kuliko dhahabu yenyewe. Lugha ya machimbo ina maneno matatu ya mabaki, marudio, magwangala na makinikia, na kila moja lilipata uzito wake pale ambapo mtu fulani alitambua kwamba kilichokuwa kikiitwa takataka kilikuwa mali ya mwingine.

Mfumo wa mshahara ulitangulia kufika. Mgodi wa chini ya ardhi wa Geita ulianza kuzalisha katika miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966, na huko Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga, mgodi wa almasi ulioanzishwa na John Williamson baada ya ugunduzi wake wa mwaka 1940 ulizungushiwa uzio, ukajengewa nyumba, shule na hospitali. Katika migodi ya namna hiyo mchimbaji aliuza siku zake tu. Jiwe likiwa tajiri au likiwa kapi, ujira wake ulikuwa uleule, na hatari ya kukosa ilikuwa juu ya mwenye mgodi.

Mfumo wa duara uligeuza jambo hilo. Duara ni shimo la wima lenye upana wa kutosha mtu mmoja kushuka, linalofuata mkanda wa mawe yenye dhahabu, ambayo wachimbaji huyaita mbale, na kuta zake hushikiliwa na matimba, yaani magogo yaliyopangwa kwa umbo la mraba. Machimbo ya aina hiyo yalipanuka katika miaka ya 1980, uchumi ulipokuwa umebana na bei ya pamba haikutosha kulisha nyumba, kisha yakaongezeka zaidi Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu kutoka kwa wachimbaji wadogo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Juu kabisa alikuwapo mwenye leseni, ambaye kwa sheria ya sasa ni Mtanzania mwenye leseni ndogo ya uchimbaji, ya miaka saba, juu ya eneo lisilozidi hekta 10. Chini yake walikuwapo wenye maduara, ambao kila mmoja alikabidhiwa shimo lake, na chini ya hao walikuwapo wapiga moko wanaochonga mwamba kwa patasi na nyundo, mpiga baruti, wavuta winchi, mtunza stoo na mpishi. Mwenye duara alitoa baruti, kamba, matimba, dizeli ya pampu na chakula; wachimbaji walitoa nguvu zao, na hakuna aliyelipwa senti mpaka mawe yatoke.

Chakula ndicho kilichokuwa kipimo halisi cha menejimenti. Mwenye duara aliyekuwa na vijana kumi alijua kwamba kila siku isiyo na mawe ilimgharimu unga, dagaa, mafuta na kuni za watu kumi, na kwamba akipunguza chakula vijana wangehamia duara la jirani usiku huohuo. Idadi ya wafanyakazi ilipangwa hivyo kwa kutazama stoo ya unga, wala si urefu wa mwamba uliobaki, na shimo lililojaa maji wakati wa masika liliachwa si kwa sababu dhahabu imekwisha bali kwa sababu dizeli ya kuvuta maji ilikuwa imeupita uwezo wa sufuria. Mchumi angeyaita haya matumizi ya mtaji wa uendeshaji, yaani fedha inayozunguka kila siku kabla mauzo hayajarudi. Wenyewe waliyaita kulisha duara, na neno lao linaeleza zaidi.

Mawe yalipotoka yaligawanywa mdomoni mwa shimo, yakiwa bado mawe. Mgawo uliozoeleka katika machimbo mengi ulikuwa takriban hivi: katika kila viroba kumi, vitatu vilikwenda kwa mwenye leseni, na saba vilivyobaki viligawanywa kati ya mwenye duara na vijana wake kwa makubaliano yao, baada ya kuondoa kiroba cha mpishi au cha mwenye shamba pale ambapo desturi ilidai hivyo. Viroba vilipangwa mstari, vikashonwa, na mara nyingi mtu wa upande mmoja ndiye aliyejaza na wa upande mwingine ndiye aliyechagua, kwa kuwa aliyejaza akijua kwamba hatachagua yeye hujaza kwa haki. Ni utaratibu wa busara kuliko unavyoonekana. Kugawana dhahabu kungehitaji kila mshiriki akeshe kwenye usagaji na uoshaji akimlinda mwenzake. Kugawana mawe kulimaliza ulinzi palepale, kwa sababu kila mtu aliondoka na bahati yake mgongoni, na hatari iliyokuwa ya mmoja ikawa imekatwa vipande na kubebwa na wengi. Ubaya wake ni kwamba kijana aliyepata viroba viwili hakuwa na mashine ya kuvisaga.

Hapo ndipo karasha lilipochukua nafasi. Zamani mawe yalipondwa kwa nyundo na kutwangwa katika vinu vya chuma, kazi ambayo mara nyingi ilifanywa na wanawake, waliozuiwa kushuka shimoni kwa imani kwamba dhahabu ingekimbia. Karasha, ambalo katika machimbo haya kwa kawaida ni pipa zito la chuma linalozungushwa kwa mkanda huku gololi za chuma zikiyapiga mawe ndani yake, lilifanya kwa saa chache kazi ya siku kadhaa, kwanza kwa injini ya dizeli na baadaye, umeme ulipofika vijijini, kwa mota. Unga uliotoka, mweupe kama wa muhogo, ulipelekwa mwaloni, yaani mahali pa kuoshea, ukamwagiwa maji juu ya ubao ulioinama na kutandikwa magunia ya katani, ili chembe nzito zishikwe na nyuzi na mchanga mwepesi uteremke. Magunia yalikung'utwa katika karai, zebaki ikamwagwa, mkono mtupu ukakoroga mpaka dhahabu ikashikana nayo. Donge likakamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa juu ya mkaa, na zebaki ikapaa hewani ambako watoto walikuwa wakicheza. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini karai na kitambaa havijatoweka.

Mchanga ulioteremka ubaoni ndio marudio. Zebaki hushika chembe za dhahabu zilizo huru na zinazoweza kuguswa nayo, na huziacha zile ndogo sana au zilizofungwa ndani ya madini mengine, kiasi kwamba mara nyingi chini ya nusu ya dhahabu iliyokuwamo katika mawe ndiyo iliyopatikana mwaloni. Wenye makarasha walielewa hilo mapema kuliko wateja wao. Walisaga kwa bei ndogo, au pengine bila kutoza chochote, kwa sharti moja lililotajwa haraka haraka, kwamba marudio yabaki. Kijana mwenye viroba viwili alifurahi kuepuka gharama ya kusaga, akaondoka na gramu zake, na nyuma yake kikakua kichuguu cha mchanga ambacho kwa miaka mingi kilionekana kuwa kero ya kuziba njia. Mwandishi wa kumbukumbu hizi anakiri kwamba naye alivipita vichuguu hivyo mara nyingi bila kuviuliza lolote.

Wakati huohuo mfumo wa mshahara ulikuwa umerudi kwa ukubwa usiowahi kuonekana. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kwa amri ya serikali, sheria mpya ya madini ikapitishwa mwaka 1998, mgodi mkubwa wa Geita, maarufu kama GGM, ukaanza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Katika migodi ya namna hiyo jiwe halisubiri kuoshwa ndipo lijulikane. Kabla ya kulipua, matundu hutobolewa kwa nafasi zilizopimwa, vumbi lake hupelekwa maabara, na kila sehemu ya mwamba hupewa kiwango chake, yaani idadi ya gramu za dhahabu kwa kila tani, hata dereva wa lori huelekezwa amwage mzigo wake wapi. Mwamba ambao kiwango chake kiko chini ya kile kinacholipa gharama ya kuusaga haupelekwi kiwandani, bali humwagwa pembeni na kuwa kilima. Mwamba huo ndio wananchi wa Geita wanaouita magwangala.

Neno hilo lilileta mgogoro kwa sababu kiwango cha chini si sifa ya jiwe, bali ni sifa ya gharama za anayelisaga. Mgodi wenye malori makubwa, mafuta, mishahara na mikopo hauwezi kulisaga jiwe ambalo mama mwenye nyundo na karai, asiyehesabu muda wake kama gharama, analiona ni riziki kamili. Aidha, kiwango hicho hushuka bei inapopanda: dhahabu iliyouzwa kwa chini ya dola 300 kwa wakia mwaka 2000 ilivuka dola 1,000 mwaka 2008 na dola 2,000 mwaka 2020, na kwa hiyo kilima kilichomwagwa kama kapi katika mwaka mmoja kiliweza kuwa mbale halali miaka kadhaa baadaye, bila hata kokoto moja kubadilika. Mwaka 2016 Rais John Magufuli, akiwa Geita, aliagiza vijana wapewe magwangala. Wahandisi walikuwa na hoja zao kuhusu usalama wa miteremko na kemikali, na hoja hizo si za kupuuzwa, lakini katika swali la msingi, la nani mwenye haki ya kuamua kwamba kitu ni taka, wananchi ndio waliokuwa wameona mbali.

Kwa upande wa marudio, mapinduzi yalikuja kimya kimya na mapipa ya sayanaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, na hasa katika muongo uliofuata, wafanyabiashara walianza kujenga vati, yaani matangi makubwa yanayojazwa marudio na kulowekwa kwa maji ya sayanaidi kwa siku kadhaa, ili dhahabu iyeyuke na kupita pamoja na maji hayo hadi kwenye kaboni, mkaa maalumu ambao aina nyingi bora hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Kaboni iliyoshiba hupelekwa kwenye mtambo wa elusheni, unaoibandua dhahabu kwa kemikali na joto kisha kuikusanya kwa umeme. Hatua hizi zinahitaji mtaji, kemia na subira, vitu ambavyo mwenye duara hakuwa navyo, na kwa hiyo faida ya mwamba uleule ilihama kutoka mdomoni mwa shimo hadi uwanjani kwa mwenye vati. Vichuguu vilivyokuwa vikiziba njia vilizungushiwa uzio, vikawekewa walinzi na kununuliwa kwa tripu za lori.

Makinikia yalilipeleka swali lilelile kwenye ngazi ya taifa. Mawe ya Bulyanhulu na Buzwagi yana shaba pamoja na dhahabu, na sehemu ya dhahabu hiyo haikukamilishwa migodini, bali iliuzwa nje ndani ya mchanga uliorutubishwa, ambao ndio makinikia, ukayeyushwa katika viwanda vya ng'ambo. Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji wake. Makontena 277 yalishikiliwa bandarini Dar es Salaam, na kamati mbili, moja chini ya Profesa Abdulkarim Mruma na nyingine chini ya Profesa Nehemiah Osoro, zikachunguza kilichomo ndani yake na namna kilivyohesabiwa. Mabishano juu ya takwimu yalikuwa marefu, yakaishia katika makubaliano na wenye migodi yaliyozaa kampuni ya Twiga, ambamo serikali ina hisa asilimia 16. Aliyewahi kusimama karashani aliuelewa mzozo huo bila kusoma ripoti, kwa sababu taifa lilikuwa limejikuta katika nafasi ya yule kijana mwenye viroba viwili, ambaye jiwe lake lilimaliziwa kusagwa na mwenye mashine, mahali asipoweza kuona.

Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, na mengine, likiwamo la Kahama, yakafuata, baada ya wachimbaji wadogo kuondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Dhahabu sasa hupimwa kwa mizani iliyokaguliwa, bei ya siku hubandikwa ukutani, na mrabaha na ada ya ukaguzi hukatwa palepale. Mabadiliko hayo yalifika hadi mwaloni, kwa sababu mchimbaji anayeijua bei ya gramu moja huanza kuhesabu gramu anazoziacha. Viroba bado hugawanywa mdomoni mwa shimo, na unga na dagaa bado huamua duara lina vijana wangapi. Lakini anayefikisha viroba vyake karashani siku hizi, kabla hajauliza bei ya kusaga, huuliza kwanza marudio yatakuwa ya nani.