Makunduchi: Kujitegemea Juu ya Mawe

Zipo familia za mjini ambazo siku hizi zinanuia kuhamia shamba, ziishi kwa jasho lao bila ya kutegemea waya wa umeme wala bomba la maji. Nia hiyo haimshangazi anayeikumbuka Unguja ya mwaka 2008, umeme utokao Bara kwa waya wa chini ya bahari ulipokatika kwa takriban mwezi mzima, kisha ukakatika tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Pampu zilisimama, mifereji ikakauka. Mwenye kisima, kamba na ndoo ndiye aliyekuwa na amani.

Kwa sababu hiyo nilifuatana na jamaa wawili wa msikiti wetu hadi Makunduchi, kusini-mashariki ya kisiwa. Mmoja wao alikwisha kumtafuta mnunuzi wa nyumba yake ya mjini.

Ardhi ya huko ni maweni. Udongo umejificha katika vishimo baina ya mawe ya matumbawe, na jembe haliingii. Mkulima hutumia muo, mti uliochongwa ncha, akadunga na kutia mbegu. Mtama, kunde, choroko na muhogo huota humo. Baada ya misimu michache shamba huachwa lirudi msitu, nalo huzungushiwa bigili, ukuta wa mawe yaliyopangwa bila ya saruji, ili nguruwe mwitu wasiingie. Hakuna mtu mmoja awezaye kuujenga ukuta huo peke yake. Majirani huungana, kila mmoja akashika upande wake. Na upande mmoja ukibomoka, wote huliwa mazao.

Kuhifadhi nako ni elimu. Muhogo hukaa ardhini hadi siku ya kuhitajiwa, au humenywa ukaanikwa ukawa makopa. Mbegu hutundikwa juu ya mafiga, moshi ukafukuza wadudu. Makumbi ya nazi hufukiwa katika mchanga wa pwani kwa miezi, kisha akina mama huyaponda wakapata usumba wa kusokotea kamba. Msomaji wa Sura Yusuf atakumbuka kuwa akiba ya miaka ya dhiki iliwekwa katika miaka ya neema.

Mzee aliyetupokea alizisikiliza habari za kuku, bustani na umeme wa jua, kisha akamwuliza yule mwenzetu swali moja: "Mwanangu, kiangazi utakunywa nini?"

Tukakaa tukapiga hesabu. Watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, ni lita 120. Siku 90 za ukavu zataka lita 10,800. Milimita 10 za mvua juu ya paa la mita za mraba 40 ni lita 400, kabla ya kutoa kinachopotea. Hizo ni siku tatu tu. Na paa hilo liwe la bati, kwani makuti huleta ubaridi lakini hayatoi maji safi. Visima vipo, ila vilivyo karibu na bahari vingine huwa na chumvi.

Mwenzetu hakuuza nyumba. Amekodi chumba kijijini ili apitishe kiangazi kimoja kizima kabla ya kujenga, nami naona huo ndio utaratibu ufaao. Tangulieni na birika, ndipo nyumba. Jifunzeni mbegu za wenyeji kabla ya kuleta za dukani. Na mapema kabisa ombeni nafasi katika bigili ya majirani. Mtume wetu (S.A.W.) alifundisha kwamba Waislamu ni washirika katika maji, malisho na moto. Anayekwenda shamba ili asimhitaji mtu yeyote, maweni yatamrudisha mjini. Anayekwenda ili naye ategemewe, huyo atakuta mawe yake yanamngoja ukutani.