Ngoma za Rumonge

Kutoka Bujumbura kwenda Rumonge gari haliachani na ziwa. Kulia ni Tanganyika, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Kushoto vilima, na kadiri unavyosogea kusini michikichi inazidi. Mimi wa Unguja nimezoea maji yanayokupwa na kujaa. Haya hayana habari hiyo. Rumonge nililakiwa kwa samaki mukeke wa kuchoma na ndizi za mawese, na Kiswahili nilikikuta sokoni kote.

Kesho yake ilikuwa 1 Julai, sikukuu ya uhuru wa Burundi wa mwaka 1962. Nilitarajia wapigaji wakae, moto uwashwe, ngozi zikazwe, ndipo mambo yaanze. Loo! Waliingia uwanjani na ngoma vichwani, wamevaa nyekundu, nyeupe na kijani, wakitembea na kuzipiga kwa fimbo mbili mbili. Na ngoma yenyewe ni gogo zima la mti wa umuvugangoma lililochimbwa ndani, kubwa kama kinu cha kutwangia mpunga, limewambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi vya mti. Nilisogea hadi nikaona manyoya yaliyosalia ukingoni mwa ngozi.

Wakazitua nusu duara, moja wakaiweka katikati. Hiyo ndiyo inkiranya, kiongozi. Ngoma za amashakwe hushikilia pigo lisilokatika, za ibishikizo huifuata inkiranya. Kwetu mpigaji hupiga, mchezaji akacheza. Hapa mpigaji mwenyewe alitoka safuni, akaruka magoti yakigusa kifua, akatua mbele ya inkiranya na kuipiga palepale, kisha akampisha mwenzake. Kishindo nilikisikia mbavuni.

Zamani ngoma hizi zilikuwa za Mwami, yaani mfalme, zikipigwa kwenye umuganuro, sherehe ya mtama. Mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa binadamu.

Walipopumzika niliomba kushika fimbo. Kijana mmoja akanijibu kwa upole, "Hapana, dada. Hizi mwanamke hapigi." Ndivyo lisemavyo pia agizo la Rais la mwaka 2017. Nilishangaa kweli. Kwetu mwimbaji Bi Kidude alipiga ngoma za unyago hadi uzeeni, na unyagoni ni wanawake watupu. Sikubishana, maana mgeni hapangi mambo ya wenyeji, lakini iliniuma. Mama aliyesimama kando yangu alikuwa akipiga makofi, na kila inkiranya ilipotaka kubadili pigo, mikono yake ilitangulia. Huyo ningependa kumsikia akipewa fimbo.