Kipandauso, kati ya Makadara na London

Mtu wa Makadara, Mombasa, akisema kichwa kinamuuma, swali la kwanza atakaloulizwa ni kama amepima malaria. La pili ni la presha. Akilalamika hivyo hivyo London, ataulizwa amekunywa maji kiasi gani, amelala saa ngapi, na ameikodolea simu macho kwa muda gani. Maswali yote hayo yana maana yake, na yote yanaweza kumpita kando mgonjwa wa kipandauso. Ugonjwa huu hauonekani katika damu wala katika eksirei, na siku ya tatu mgonjwa huamka mzima kabisa. Jana alikosa harusi, leo yuko sokoni Marikiti anabonyeza maembe. Majirani wafikirie nini?

Wanafikiri yale yale wanayofikiri wafanyakazi wenzake wa London: kwamba anatafuta visingizio. Katika hilo, nyumbani na ughaibuni hakuna tofauti.

Kipandauso chenyewe kina sura inayotambulika. Maumivu hudunda, mara nyingi upande mmoja wa kichwa, na yasipotibiwa hukaa kuanzia saa 4 hadi siku 3. Kichefuchefu huja nayo, pengine na kutapika. Mwanga unakera, kelele inakera, harufu inakera, na kupanda ngazi tu kunazidisha. Wagonjwa wengine hutanguliwa na vimulimuli: mistari ya kukatakata inayometameta machoni kwa dakika chache hadi saa nzima kabla kichwa hakijaanza. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kiini ni mishipa ya damu kutanuka. Leo inajulikana kwamba chanzo kiko kwenye ubongo na neva kubwa ya uso, na kwamba neva hiyo humwaga kemikali iitwayo CGRP. Kwa kufungua njia hiyo, wanasayansi wanne, Lars Edvinsson, Peter Goadsby, Michael Moskowitz na Jes Olesen, walitunukiwa The Brain Prize ya mwaka 2021 huko Denmark.

Duniani, karibu mtu 1 kati ya 7 anaugua, na wanawake ni takriban mara 3 ya wanaume. Kuna wanaodhani huu ni ugonjwa wa watu wa ofisini wa Ulaya. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa Zambia uliwakuta watu wazima wapatao 23 kati ya kila 100 wakiwa nao. Karibu na kwetu, katika vijiji vya Haydom kaskazini mwa Tanzania, watu zaidi ya 7,000 waliulizwa na wenye kipandauso wakawa kama 4 kati ya 100. Pengo hilo ni kubwa, na huenda sehemu yake imetokana na namna ya kuuliza. Lakini hata hiyo 4 ya Haydom, ukiileta kwenye mitaa iliyobanana kati ya Barabara ya Digo na Mji wa Kale, inakupa mgonjwa karibu katika kila kichochoro.

Mgonjwa huyo hupita wapi? Makadara, safari huanzia duka la dawa. Panadol mbili, na zisipofaa, Panadol Extra. Baadaye hupimwa malaria, na hilo si kosa, maana Pwani malaria ipo na inaua. Kisha presha. Kisha macho, akapewa miwani. Kisha shangazi mmoja huuliza kama hakuna jicho la mtu, na mgonjwa husomewa au hunyweshwa kombe. Wengine huenda kuumikwa, na hapo wana hoja: Hadithi zilizopokewa na Bukhari zinaeleza kwamba Mtume aliumikwa kichwani kwa ajili ya shakika, maumivu ya nusu ya kichwa. Majaribio ya kitabibu kuhusu kuumika ni madogo na hayajamaliza ubishi, kwa hiyo la kusisitiza ni wembe. Uwe mpya, ufunguliwe mbele ya mgonjwa, kwa sababu homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI hupita kwenye damu bila kujali nia.

London, mlango ni mmoja: daktari wa mtaa, aliyeandikishwa kwa jina na anwani. Daktari huyo hana mashine yoyote ya ajabu. Mara nyingi hapigi hata picha ya kichwa. Anasikiliza, anapima presha, anaangalia macho, kisha anatoa kazi ya nyumbani: kaandike. Siku gani kiliuma, kiliuma vipi, hedhi ilikuwa lini, ulikula nini, ulilala lini, umekunywa vidonge vingapi. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani wamenuna, wakiona wamefukuzwa na karatasi. Lakini karatasi hiyo ndiyo kipimo chenyewe.

Na ndiyo inayoumbua dhana nyingi kuhusu vichochezi. Muulize mwenye kipandauso wa Mombasa, atakutajia udi, halud, jua la Kaskazi la Januari na Februari, honi za matatu, na taarabu ya harusi iliyoendelea hadi alfajiri. Aliyehamia London atataja taa nyeupe za dukani, joto la treni za chini ya ardhi, jibini, chokoleti, na anga la Novemba. Kila mmoja ana orodha yake, na kila orodha inazidi kurefuka mpaka mtu anaogopa kula. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark waliwachukua wagonjwa 27 walioapa kwamba mwanga mkali au mazoezi mazito huwaletea kipandauso, wakawapa kile kile wanachokilaumu. Watatu tu walipata kipandauso chenye vimulimuli, na wengine watatu wakapata kisicho navyo. Waliobaki, kimya.

Maelezo yake yanawafaa sana watu wa Pwani. Kipandauso huanza ubongoni saa nyingi, hata siku moja au mbili, kabla ya maumivu. Katika muda huo mgonjwa hupiga miayo, hushikwa na uchu wa vitu vitamu, shingo hukakamaa, na pua hunusa kupita kawaida. Basi bibi anayelaumu udi wa sebuleni pengine alikuwa ameshaanza kuugua tangu asubuhi, na udi ule ule anaoufukiza kila Ijumaa ukamchoma siku hiyo kwa sababu pua ilikuwa imeshabadilika. Vivyo hivyo na chokoleti ya London: huliwa kwa uchu ulioletwa na ugonjwa, kisha hushtakiwa kuwa ndiyo iliyouleta. Hii si kusema vichochezi havipo. Kukosa usingizi, kuruka mlo, kupungukiwa maji na siku za hedhi ni mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wengi. Ila mtu hawezi kuvijua vyake kwa kukumbuka tu, maana kumbukumbu hushika siku ya harusi na kusahau Ijumaa zote ambazo udi ulifukizwa na kichwa kikatulia.

Kahawa inastahili mjadala wake peke yake, hasa katika mji kama Mombasa ambapo kahawa tungu hunywewa barazani jioni baada ya jioni, kikombe kidogo baada ya kikombe kidogo, na tangawizi ndani yake. Ubongo uliozoea kafeini ukinyimwa ghafla hulipiza kwa maumivu ya kichwa. Kila Ramadhani inapoingia, jambo hilo hujaribiwa kwa mji mzima. Mwaka 1999 madaktari wawili wa Saudia, Awada na al Jumah, walichapisha uchunguzi kuhusu kichwa cha siku ya kwanza ya Ramadhani: waliofunga, kama 4 kati ya 10 waliumwa, wasiofunga, hawakufika 1 kati ya 10. Kukatizwa kafeini ndiyo sababu iliyojitokeza zaidi. Utafiti mwingine wa mwaka 2010, uliofanywa kwa wagonjwa 32 wa kipandauso huko Israeli, ulionyesha kwamba siku zao za maumivu ziliongezeka kutoka karibu 4 kwa mwezi wa kawaida hadi zaidi ya 9 ndani ya Ramadhani.

Hapa jiografia inaingia. Makadara iko digrii 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo saumu ni ya saa 13 na ushei, mwaka nenda mwaka rudi. London, katika Ramadhani ya Juni 2016, saumu ilipita saa 18. Aliyezaliwa Mombasa akafunga utotoni bila shida alijikuta anatapika kabla ya magharibi, akadhani imani imemlegea. Haikulegea, alikuwa amekaa saa 5 zaidi bila maji wala chakula, na usiku uliobaki haukutosha kulala. Sasa Ramadhani imerudi kwenye majira ya baridi na mchana wa London ni mfupi, na baadhi yao wanasema wamepona. Watafiti wa vichochezi wangependa jaribio la namna hiyo.

Linalofaa pande zote mbili ni lile lile: kahawa ipunguzwe kidogo kidogo tangu katikati ya Shaabani, daku isirukwe kwa ajili ya usingizi, na maji yanywewe usiku kucha badala ya kumiminwa yote wakati wa kufuturu. Baadhi ya madaktari huandika dawa ya kukaa muda mrefu, inayonywewa wakati wa daku. Na anayezidiwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, jambo ambalo masheikh hawana shida nalo. Wenye shida nalo mara nyingi ni watu wa nyumbani.

Dawa nazo zina hadithi mbili. Huko Zambia, utafiti ule ule uliwakuta watu wazima kama 7 kati ya 100 wakiwa na maumivu ya kichwa yanayoelekea kutokana na dawa za maumivu zenyewe. Mpaka unajulikana: vidonge vya kawaida kama paracetamoli kwa siku 15 au zaidi kila mwezi, au vilivyochanganywa na kafeini, na pia triptani, yaani dawa za kipandauso chenyewe, kwa siku 10 au zaidi, kwa muda unaopita miezi 3. Panadol Extra, yenye miligramu 65 za kafeini katika kila kidonge, iko kwenye kundi la pili. Duka la dawa la mtaani huuza hata kidonge kimoja kimoja, na hakuna anayehesabu. Mgonjwa mwenyewe haoni kuwa ni vingi, kwa sababu havijawahi kukaa pamoja mbele yake.

Sumatriptani, triptani ya kwanza, iliingia sokoni mwaka 1991. Uingereza inauzwa bila cheti tangu 2006, lakini mfamasia huuliza kwanza: umri, moyo, presha. Ndiyo maana inaishia kwenye masanduku ya wasafiri wa Desemba, imefungwa pamoja na mafuta ya ngozi na viatu vya watoto, ya kumpelekea mama au shangazi. Masanduku hayo hayaulizi. Dawa hii hukaza mishipa ya damu, na aliyepata maradhi ya moyo au kiharusi, au mwenye presha isiyodhibitiwa, hapaswi kuigusa. Ni mashangazi wangapi wa Makadara wanaojua presha yao ya mwezi huu?

Sindano mpya za kuzuia CGRP, zilizoanza kuidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa erenumabu, hazisafiri kwenye sanduku, na hata Uingereza hazitolewi ovyo: sharti mgonjwa awe na siku 4 au zaidi za kipandauso kwa mwezi na dawa 3 za kinga ziwe zimeshashindwa. Na dawa hizo 3 ni zipi? Propranololi kwa kawaida imo, na amitriptilini imo. Zote ni za zamani, ni rahisi, na zinapatikana Mombasa. Kwa maneno mengine, mgonjwa wa London hupitishwa miezi mingi kwenye vidonge ambavyo mgonjwa wa Makadara angeweza kuanzishiwa katika hospitali ya umma kama Coast General, bila kusubiri daktari bingwa wa neva kutoka Nairobi, mradi tu mtu atamke jina la ugonjwa na aje na mwezi mmoja ulioandikwa. Mwenye pumu aseme mapema, maana propranololi hubana kifua.

Liko pia swali ambalo London daktari hulazimika kuuliza na Makadara mara nyingi halisikiki kabisa kaunta: je, unaona vimulimuli kabla ya kichwa? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unawakataza wanawake wenye kipandauso cha vimulimuli kutumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, kwa sababu hatari ya kiharusi huongezeka. Njia nyingine zipo, za sindano, za kijiti na vidonge vyenye projestini peke yake, na mama aliyepewa vidonge kwa haraka anaweza kurudi kuziomba.