Sauti Ipo, Picha Haipo

Katika zama za kanda ndogo za DV, ambazo ulimwengu ulianza kuziona mwaka 1995 na ambazo kwetu Unguja zilikuja kulishika soko la harusi baadaye, kuingiza picha katika kompyuta ilikuwa kazi ya subira tu, wala haikuwa na fumbo ndani yake. Kanda ya saa moja ilichukua saa moja kamili kupita katika waya wa FireWire, na mhariri hakuwa na hila ya kuiharakisha. Aliketi akaitazama nikahi ikipita, zikafuata shangwe za ukumbini, na mwisho wake akapata faili la gigabaiti zipatazo 13, ambalo programu yoyote ya kuhariri ililipokea bila ya maulizo. Sababu ni kwamba DV hubana kila fremu peke yake, 25 kwa sekunde kama utakavyo mfumo wa PAL tunaoutumia, na kila fremu ikasimama kwa nafsi yake bila ya kumtegemea jirani. Kasoro ikizuka, ilikuwa kasoro ya kuonekana kwa macho: kichwa cha kamera kimeingia vumbi, waya umelegea, au kanda imejikunja.

Kamera zilipoiacha kanda zikashika kadi, raha ile ilikwisha. Mwaka 2006 Sony na Panasonic walitangaza muundo wa AVCHD, uliojengwa juu ya H.264, kodeki iliyokamilishwa mwaka 2003. Na kodeki, kwa asiyeizoea, ni kanuni ya kuibana picha wakati wa kurekodi na kuifumua wakati wa kutazama. H.264 ni zao la akili kubwa, na bila yake picha safi isingeenea katika kadi ndogo wala katika simu. Lakini ufundi wake ni kuhifadhi fremu moja kamili, kisha kwa nyingi zinazofuata kuandika tofauti tu, na baadhi ya hizo hutegemea hata fremu ambazo zamu yake bado haijafika. Mtazamaji hadhuriki na hayo, kwa kuwa yeye huenda mbele tu. Mhariri, ambaye kazi yake yote ni kurudi nyuma, kuruka na kukata katikati, huilazimisha kompyuta iwakusanye jamaa wote wa fremu moja kabla ya kuionyesha, na kompyuta zetu za wakati ule zilielemewa hata kishale kikaganda.

Kisha mwaka 2008 ikaja Canon EOS 5D Mark II, na wapiga picha za mnato wakawa wapiga video kwa usiku mmoja. Picha zake zilikuwa na uzuri ambao hatukuwahi kuuona kwa bei ile, ila kamera hiyo ilirekodi fremu 30 kwa sekunde na si 25, na mpaka Canon walipotoa marekebisho mwaka 2010 ilitubidi tuzipatanishe na za kamera nyingine, ilhali mwendo wa bibi harusi akiingia ukumbini ulishtukashtuka katika kila hatua.

Hapo ndipo ulipoingia ushauri ambao hata leo nauhesabu kuwa balaa: kwamba faili likikataa kufunguka, pakua furushi la kodeki lolote ulionalo ukaliweke katika kompyuta. Wengi walifanya hivyo, na kodeki za asili mbalimbali zikagombana humo ndani, likafunguka faili moja na kuharibika matatu yaliyokuwa salama. Asili ya kosa ni kudhani kwamba herufi za mwisho wa jina, MOV au AVI au MP4, hueleza kilichomo. Hizo ni chapa ya kasha tu. Mali iliyofungwa ndani yaweza kuwa ya namna nyingine kabisa, na makasha mawili yenye chapa moja yaweza kuwa na mali mbili zisizofanana. Ndiyo maana faili hucheza vizuri katika VLC, programu ya kutazamia ambayo hubeba vifumuzi vyake yenyewe, na papo hapo likakataliwa na programu ya kuhariri.

Nakumbuka mama mmoja wa makamo aliyeleta salamu za mwanawe aliyeko Maskati, zilizorekodiwa kwa iPhone ili zionyeshwe katika harusi ya dada yake. Apple walikuwa wamekwisha kuzihamishia simu zao katika kodeki ya HEVC, tangu mwaka 2017, na programu yangu ya wakati ule haikuijua. Kwenye skrini mawimbi ya sauti yalijichora ya kijani kutoka mwanzo hadi mwisho, na juu yake pakawa na weusi mtupu. Akainama, akasikiliza, akaniuliza, “Mwanangu, sauti yake naisikia, mbona mwenyewe simuoni?” Nikamwambia, “Yumo, mama. Nipe muda kidogo nimtoe.”

Na kumtoa kulikuwa na utaratibu. Kwanza nililipitisha faili katika MediaInfo, programu isiyogusa kitu ila husoma na kueleza: kodeki ipi, biti 8 au 10, fremu ngapi kwa sekunde, na je, kiasi hicho ni thabiti au hubadilika. Hilo la mwisho ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwani simu nyingi hupunguza na kuongeza fremu kwa kadiri ya mwanga, na mhariri asiyelitazama atamwona bwana harusi akifumba mdomo kabla ya neno lake la kukubali ndoa kusikika. Kisha kwa programu ya kugeuza video iitwayo ffmpeg, ambayo Fabrice Bellard aliianzisha mwaka 2000 na ambayo watu hupewa bure, nikaligeuza kuwa ProRes lenye fremu 25 zisizobadilika. ProRes, waliyoitoa Apple mwaka 2007, na DNxHD ya Avid iliyoitangulia, hubana kila fremu peke yake, kama DV ilivyokuwa ikifanya. Gharama yake ni nafasi, kiasi cha gigabaiti 55 kwa saa moja ya picha za HD, na wateja wa mjini petu huona ni israfu mpaka wanapoona kazi inakwenda bila ya kukwama.

Mama yule alimwona mwanawe siku ile ile. Nami tangu hapo, kabla ya kila harusi, huwaomba jamaa walioko ng’ambo wachague katika mipangilio ya kamera ya iPhone muundo unaokubalika na vifaa vingi, ambao ndio H.264, wasinitumie video kwa WhatsApp kama video, maana huibana mara ya pili na kuikondesha, bali waitume kama hati, ije kama ilivyorekodiwa, na wao wenyewe wasiifute asili katika simu zao mpaka niwaarifu kwamba nimeifungua, nikaitazama yote, sauti na picha.