Mirongo: Kabla ya kupandikiza nywele, jua kwanza kilichoziondoa

Mto Mirongo unashuka kutoka upande wa Mabatini, unakatiza katikati ya jiji la Mwanza na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Kata yenye jina la mto huo ni ya biashara: mitumba, viatu, vyombo vya plastiki na, kwa anayetazama vizuri, nywele. Zimening'inizwa kila mahali, rasta za rangi zote na wigi zilizovalishwa vichwa vya plastiki. Vibarazani wasusi wanaita wapita njia: "Dada, karibu usuke!"

Siku ya Jumamosi benchi hazitoshi. Yupo anayejiandaa na harusi, yupo mama aliyeshuka melini kutoka Ukerewe, yupo binti anayetaka twende kilioni ya kwendea shule. Wengi wanaomba jambo moja: wabanwe vizuri ili msuko ukae muda mrefu. Usiku wake watameza vidonge vya maumivu ndipo wapate usingizi, na kesho yake vipele vidogo vitatokeza pembeni mwa paji la uso.

Vipele hivyo ni onyo. Nywele ikivutwa kila wiki, mwaka baada ya mwaka, mzizi wake unachoka na mwishowe ngozi inaweka kovu mahali pake. Utafiti wa Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Cape Town, uliochapishwa mwaka 2007, uliwakuta karibu theluthi moja ya wanawake waliochunguzwa wana upara unaotokana na kuvutwa nywele. Hatari huongezeka pale nywele zilizowekwa dawa zinaposukwa rasta au kushonewa nywele bandia.

Kwenye benchi moja nilikaa na mama aliyekuwa na kilemba. Alinionyesha tangazo kwenye simu yake: hospitali ya Istanbul, Uturuki, inayopandikiza nywele. Alitaka kujua kama na yeye anaweza kurudishiwa za utosini, na kama inafaa auze kiwanja.

Upasuaji huo ni wa kweli na si mpya. Daktari Norman Orentreich wa New York alianza kuufanya kwa watu wenye upara katika miaka ya 1950. Daktari huchukua nywele na mizizi yake kisogoni, ama kwa kukata ukanda mwembamba wa ngozi au kwa kung'oa mzizi mmoja mmoja, kisha huzipanda palipo wazi. Mgonjwa anachomwa ganzi tu, halali usingizi. Nywele zilizopandwa hudondoka baada ya wiki chache, huanza kuota tena kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, na matokeo kamili huonekana baada ya mwaka hivi.

Lakini haufai kwa kila mwanamke. Nywele zetu zimejikunja hata chini ya ngozi, hivyo daktari asiyezizoea anaweza kuikata mizizi wakati wa kuitoa. Mwenye ngozi inayoota makovu manene anaweza kubaki na alama mbaya kuliko upara wenyewe. Na ambaye nywele zimepungua kichwa kizima, pamoja na kisogoni, hana akiba ya kupanda.

Upara wa utosini unaotambaa kuelekea pembeni unahitaji tahadhari zaidi. Mara nyingi ni ugonjwa unaounguza mizizi taratibu. Mwaka 2019 watafiti, akiwemo Profesa Ncoza Dlova wa Afrika Kusini, walionyesha kwamba baadhi ya wanawake wenye ugonjwa huo wana hitilafu katika jeni iitwayo PADI3. Kwa hiyo si kila mara lawama ni ya msusi. Ukipanda nywele wakati ugonjwa bado unawaka, nazo zitaungua. Kwanza utulizwe kwa dawa, na madaktari wengi husubiri angalau mwaka mmoja wa utulivu.

Zipo pia nywele zinazorudi bila kisu. Mama aliyejifungua huweza kunyonyoka kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne, kisha zikaota zenyewe. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na mapunye vyote vina tiba yake.

Ndiyo maana nilimshauri mama yule asiguse kiwanja chake kwanza. Ukiwa Mirongo, inua macho uone Hospitali ya Bugando kilimani. Hapo pana kliniki ya ngozi, na safari yake ni nauli ya daladala au bodaboda tu. Daktari ataangalia kichwa, pengine atapima damu au kuchukua kipande kidogo cha ngozi. Akisema kupandikiza kunafaa, muulize mpasuaji mambo matatu: amewahi kupandikiza wanawake wangapi wenye nywele kama zako, atafanya nini kovu likivimba, na nani atakuangalia ukisharudi Mwanza.

Kwa wenye nywele bado, mwambie msusi alegeze tangu mstari wa kwanza. Ukisikia maumivu, fumua siku hiyo hiyo, hata kama umeshalipa. Na binti mdogo anapolia akisukwa, asiambiwe avumilie.