Kuuzunguka Mlima Kenya kwa Sikio

Mtu aliyejifunza muziki kwa kusoma noti huweza kudhani kwamba wazee wetu waliimba pasipo maandishi yoyote. Mtu huyo na afunge safari ya Nyeri.

Atokaye Nairobi hupita Sagana, kisha hufika Karatina, penye soko kubwa la mazao. Hapo na ale irio, yaani mahindi, maharagwe na viazi vilivyopondwa pamoja na majani ya maboga: chakula kizito, kimfaacho msafiri katika baridi ya mlimani. Akiisha kushiba aendelee mpaka Nyeri, awaulize wazee wa Kikuyu habari za gicandi.

Gicandi ni kibuyu chenye mbegu ndani, kilichochorwa alama nyingi. Kila alama ilimkumbusha mwimbaji fumbo lake, kama noti zimkumbushavyo mpiga kinanda. Waimbaji wawili walishindana mbele ya watu, huyu akitega, huyu akitegua. Naye aliyeshindwa alinyang'anywa kibuyu chake. Mwaka 1973 Padre Vittorio Merlo Pick alichapisha mafumbo hayo katika kitabu chake, Ndai na Gicandi. Lakini kitabu hakijibizani na mtu.

Msafiri akirudi Sagana na kushika njia ya Embu, atafika Chuka, upande wa mashariki wa mlima. Wachuka hubana ngoma ndefu kati ya miguu, wakazipiga huku wakicheza, na ngoma hizo zingali zikisikika.

Gicandi yataka wajuzi wawili. Mmoja akifa, mwenziwe hana wa kumjibu. Basi kijana mwenye babu ajuaye asikawie kujifunza.