Kilomita 4,265 na begi la kilo 5.7

Wasomaji wangu, leo tuweke hifadhidata kando kidogo, tuzungumzie mgongo.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, nitatembea Pacific Crest Trail. Ni njia ya miguu inayoanzia Campo, California, kwenye mpaka wa Mexico, ikapita Oregon na Washington hadi mpaka wa Kanada. Takriban kilomita 4,265, na wengi huimaliza kwa miezi mitano hivi. Kila mtu ananiuliza nitakula nini. Mimi najiuliza nitabeba nini.

Sisi waandishi wa programu tuna kanuni moja: usiharakishe programu kabla hujapima ni wapi inapoteza muda. Basi kabla ya kununua chochote nilichukua mizani ya jikoni, nikafungua lahajedwali, nikapima vifaa vyote ninavyotumia Mlima Kenya, hata mswaki. Wenyewe huhesabu "uzito wa msingi", yaani begi na vilivyomo bila chakula, maji na gesi, kwa sababu hivyo hupungua kadiri unavyotembea. Jumla: kilo 9.4.

Kuna watu hukata mpini wa mswaki waokoe gramu tano. Nilipopanga orodha kuanzia kizito hadi chepesi, vitu vitatu tu vilikula zaidi ya nusu:

- Begi: kilo 2.1. Jipya: gramu 900.
- Hema: kilo 1.7. Jipya: gramu 750.
- Mfuko wa kulalia: kilo 1.3. Mpya: gramu 850.

Hapo pekee zimetoka kilo 2.6. Hema jipya halina nguzo zake, linasimama kwa fimbo za kutembelea ambazo ningezibeba vyovyote vile. Na wepesi huzaa wepesi: mzigo ukipungua, begi jembamba linatosha, begi likipungua, raba za kukimbilia zinachukua nafasi ya viatu vizito vya ngozi.

Usidhani lazima uwe na pesa nyingi. Mwaka 1955 Emma Gatewood, bibi wa miaka 67 na mama wa watoto 11, alitembea Appalachian Trail yote peke yake akiwa na mfuko wa kitambaa alioshona mwenyewe, raba, na pazia la bafuni la kujikinga mvua. Mwaka 1992 Ray Jardine, aliyewahi kuwa mhandisi wa vyombo vya anga, alichapisha kitabu cha mwongozo wa njia hii ninayoiendea, na wengi walijifunza kwake kupunguza mzigo. Mimi sweta yangu ya flisi ya gramu 240 ni mtumba wa Gikomba. Chupa zangu ni zile za maji ya dukani, gramu 40 hivi kila moja. Chupa ngumu ya wapanda milima hufika 180.

Vifaa vya umeme navyo vina hesabu zake. Rununu hupokea GPS bila mtandao wa simu, mradi ramani umezipakua mapema, kwa hivyo inatosha kuwa ramani na kamera. Lakini betri ya ziada ya mAh 10,000 haitajaza rununu ya mAh 4,000 mara mbili na nusu. Umeme unapobadilishwa volti, sehemu hupotea kama joto. Hesabu mara mbili, au chini kidogo.

Sasa, vya kutopunguza. Kusini mwa California ni jangwa, na kuna vipande vya kilomita 30 na zaidi bila maji ya uhakika. Lita moja ni kilo moja, hakuna ujanja hapo. Sehemu nyingi za Sierra Nevada sheria inataka chakula kikae kwenye mkebe mgumu ambao dubu hawezi kuufungua, zaidi ya kilo moja tena. Weka kilo 5.7 zangu, chakula cha siku tano kilo 4, maji lita 4: tayari ni kilo 13.7. Nimepunguza kwingine kote ili maji nisiyabanie.

Kimebaki kifaa kimoja cha kutuma ujumbe kwa satelaiti, gramu 100. Rafiki yangu mmoja mtembeaji aliniambia nikiache, rununu inatosha. Mama hajui lahajedwali ni nini, lakini aliniuliza: "Mwanangu, ukivunjika mguu huko porini, nani atajua?"

Rununu yangu haina satelaiti ya kutuma ujumbe, na kuna siku nzima njiani bila mtandao. Kifaa kinaenda. Jioni nikifika kambini nitabonyeza kitufe kimoja, na Mama atapata ujumbe kwamba niko salama.

Je, wewe ungepunguza nini kwenye orodha hii? Juma lijalo turudi kwenye hifadhidata.